Mkalimani Aliyejitafsiria

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka ambayo hayakutolewa na mtu yeyote, wafanyakazi wote wanatangaziwa kwamba kile kiti cha mbao kando ya meza ya daktari, chenye mguu mmoja uliofungwa kamba, kitakuwa wazi kuanzia tarehe 30 Septemba 1969. Aliyekikalia kwa miaka thelathini, Mama Priscilla Nyangi, mkalimani wa hospitali yetu hapa Homa Bay, anastaafu. Wenye kukitamani wajue kwamba kiti hicho hufinya.

Mama Priscilla ni Mkuria wa upande wa Migori, karibu na mpaka, aliyeolewa Kendu Bay na fundi baiskeli Dishon Onyango. Kiingereza alikiokota kwenye misheni ya Asumbi, kwa masista. Aliajiriwa mwaka 1939 kufagia. Siku moja daktari wa wakati huo alikuwa akimpigia mgonjwa kelele, akidhani Kiingereza kikipazwa sana kitaeleweka. Priscilla aliweka ufagio chini, akaeleza kila upande unataka nini, kisha akaendelea kufagia. Hakufagia sana baada ya hapo.

Ukalimani wake ulikuwa wa kupunguza na kuongeza. Mgonjwa kutoka kisiwa cha Mfangano angeeleza robo saa nzima, mtumbwi unaovuja, mashemeji wasio na shukrani, na Priscilla angemgeukia daktari na kusema, "Tumbo." Lakini daktari akisema "mara tatu kwa siku", mgonjwa alipata mahubiri: "Mara tatu, baba, na umeze wewe, si ng'ombe wako. Tunakujua."

Mwaka 1962 muuguzi Roseline, mgeni kazini, alikuwa akijizoeza kupima mapigo kwenye mikono ya wafanyakazi. Katika mkono wa kushoto wa Priscilla hakupata kitu. Akabonyeza tena. Akamwita mwenzake, "Njoo uone, huyu mama amekufa!"

"Basi fanya haraka," marehemu akajibu, "chai yangu inapoa."

Daktari alimpima, akamsikiliza shingoni, akasema kuta za mishipa mikubwa ya damu zimevimba, na njia ya kwenda mkono ule imekuwa nyembamba mno. Si uchawi, si chira ya kuvunja mwiko. Ni mwili unaoishambulia mishipa yake wenyewe. Kisha, kwa mazoea, akamwambia, "Mweleze mgonjwa." Naye Priscilla, kwa mazoea vilevile, akajieleza kwa Kikuria, akajiuliza swali, akajijibu, na akajiongezea kwamba daktari ameagiza nyama. Daktari hakuwa ameagiza nyama.

Sentensi moja tu aliiacha: kwamba mara chache sana uvimbe huo huzuia damu kufika kwenye ubongo, mtu akapatwa na kiharusi. Nyumbani alimwambia Dishon amepewa vidonge vya uchovu.

Aprili 1964, alipokuwa akimtafsiria Mzee Mniko, aliyetoka kwao Ukuria na kidonda cha mguu, maneno yakamkatikia katikati. Mkono wa kulia ukaanguka juu ya meza. Mdomo ulifunguka na halikutoka neno. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Daktari alisema ataishi. Kuhusu kusema, hakuahidi. Dishon akafika na grisi mikononi, na hapakuwa na wa kumweleza, kwani mwenye kueleza ndiye aliyekuwa amelala pale. Daktari akatoka nje, akarudi na mpira wa ndani wa baiskeli, akaubana kwa vidole. Dishon akatazama. Akauliza, "Hii inazibuka?" Daktari akainua mabega.

Ilizibuka, pole pole. Maneno yalirudi kwa mpangilio wake yenyewe, Kikuria mbele, lugha ambayo Dishon hakuijua hata salamu. Ikabidi Mzee Mniko, aliyejua Kijaluo cha sokoni, aburute mguu wake kutoka wodi ya wanaume aje kutafsiri. Priscilla akasema, akasema tena, huku akimnyooshea mumewe kidole.

"Amesema nini, mzee?"

"Uji, mkwe wangu."

"Yote hayo ni uji?"

"Mengine ni yako. Lakini mimi hapa nimekuja kwa ajili ya mguu."

Kiswahili kikafuata, na Kiingereza, na mwisho kabisa Kijaluo. Siku hiyo Dishon, aliyekwisha kudokezwa wodini kuhusu onyo la daktari, alimuuliza kwa nini alimficha.

"Ningekuambia, ungelala?"

"Singelala."

"Basi ulilala miaka miwili. Sema asante."

Mwaka uliofuata alirudi kazini, mkono mmoja hauna nguvu, mwingine hauna mapigo, na ulimi unafanya kazi ya yote miwili. Daktari anatusihi tusidhani kila mtu huinuka hivyo, wengi hawainuki. Roseline, ambaye sasa ni msimamizi wa wodi, bado humpima mkono wa kushoto kila Krismasi, endapo mapigo yamerudi.

Mama Priscilla, asante kwa yote uliyotueleza, na asante zaidi kwa yale tuliyosema kwa hasira ukakataa kuyafikisha. Nenda Kendu Bay ukameze vidonge vyako kwa wakati na ugombane na Dishon kwa lugha yoyote uipendayo. Tunakuombea siku nyingi, ndefu na zenye kelele.

Sherehe ya kumuaga ni Jumanne saa nane mchana, kwenye ukumbi wa wauguzi. Mgeni rasmi atahutubu kwa Kiingereza. Mkalimani hajapatikana.