Tairi Zilizofunikwa Blanketi

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Zubair muuza kahawa, Jumatatu iliyofuata harusi ya Nuha, Julai 2022, akiwa kwenye benchi lilelile ilipoanzia, kando ya duka la mbao, Machakos mjini. Waliokuwapo walimsahihisha jambo moja tu: kahawa ya siku ile haikuwa na tangawizi ya kutosha.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya harusi. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Iveti hadi kwenye mapaa, na kila mtu ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mahmud, baba yake Nuha, alilitazama gari lake. Jumamosi lingepandisha sufuria tatu za pilau hadi ukweni kwa binti yake, juu kabisa mlimani. Mwaka uliotangulia, mwezi huohuo wa baridi, alipandisha pilau ya posa kwa tairi zilizolika, laini kama kiganja. Kwenye kona ya pili gari likaanza kurudi nyuma polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na pilau ikaishia mtaroni, ikaliwa na kuku wa watu. Wakwe walicheka kwa adabu, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Mkewe Habiba alikuwa amesema neno moja: safari hii pilau isipofika, naye mwenyewe hafiki.

Basi Mahmud alinunua tairi nne mpya, zikafungwa, na tangu hapo gari halikuondoka kando ya benchi. Zilikuwa bado na vile vinywele vya mpira, na karatasi za kiwandani hazijabanduliwa. Lakini kwa baridi ile, je, zingeshika barabara?

Kiema, aliyeitwa Profesa kwa sababu aliwahi kuuza chaki, ndiye aliyeanza.

— Mpira ni kama ugali, Mahmud. Ikipoa inakuwa ngumu. Wewe punguza presha nusu.

Bonface, fundi wa baiskeli aitwaye Spana, alisema hiyo ni njia ya kuua tairi. Zisuguliwe kwa jiwe na sabuni ya unga.

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akasema. Tairi imeshatolewa karatasi, wacha ioge.

— Asi, karatasi iko hapo, naiona, akapinga Profesa.

Zubair, akimimina, alisema hawa wote hawajui moto.

— Miaka yote hii, hili birika langu limewahi kuteleza? Halijawahi. Kwa nini? Liko juu ya makaa.

Akashauri kila gurudumu liwekewe jiko usiku kucha. Profesa akaongeza wakwe wanne wanene wakae nyuma kukandamiza. Spana akawashinda wote: gari lipande kinyumenyume, ili likiteleza liteleze kuelekea mbele.

Profesa akainua kidole.

— Mtaka cha mvunguni huinama, akahitimisha, na hakuna aliyemuuliza mvunguni kuna nini.

Moyoni Mahmud alijiona amewatangulia, maana kila jioni alikuwa akizifunika tairi zile blanketi za wageni, moja moja, zikiwa zimesimama juu ya magunia safi.

Hapo akafika Mutheu, dereva wa lori la nyanya kutoka Kithimani. Alikunywa kahawa yake amesimama, akiwasikiliza hadi kikombe kikaisha. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye tairi.

— Hizi tairi zimeshatembea wapi?

Profesa alimtazama Spana, Spana akalitazama birika. Mahmud akaonyesha duka la tairi, ng'ambo ya barabara.

— Kutoka pale mpaka hapa.

— Halafu?

— Halafu nikazitunza, mwaitu, mama yangu. Nataka wakwe wazione zikiwa mpya.

Mutheu hakucheka. Alieleza kwamba tairi hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia mpira usigande kwenye kalibu inayoupa umbo, na mafuta hayo hayatolewi kwa sabuni wala makaa. Huondolewa na barabara, kwa mwendo wa pole, bila breki za ghafla, kilomita mia tatu hivi. Presha nayo apime asubuhi kabla ya kuondoka, aijaze kama ilivyoandikwa kwenye mlango wa gari, kwa sababu baridi yenyewe huipunguza.

— Kwa macho ni mpya, kaka. Kwa barabara bado hazijazaliwa.

Alhamisi hiyohiyo Mahmud akaenda Kithyoko na kurudi, zaidi ya kilomita mia na hamsini, na Ijumaa baada ya swala akaenda tena. Benchi zima lilijaa garini pamoja na birika, na kabla ya kufika Kithimani Profesa alikuwa ameshaanza kusema kwamba hata yeye alimaanisha hivyo.

Jumamosi kulinyunya. Profesa alijipakia nyuma, kati ya sufuria. Kwenye kona ya pili Mahmud alishika usukani kwa mikono miwili, na Habiba, aliyeketi kando yake, akageuka akaweka mkono juu ya kifuniko. Tairi zikang'ata lami, zikapanda. Hakuna punje iliyomwagika. Huko juu wakwe hawakuziangalia tairi hata mara moja. Walikuwa wanaangalia sufuria.

Profesa Kiema alifariki mwaka 2024, akiwa bado anadai kwamba pilau ilifika kwa uzito wake. Mahmud na Habiba wako hai. Nuha yuko hai, na ana watoto wawili. Spana na Zubair wako hai na hawajakubaliana. Mutheu yuko hai, na kila Julai sahani ya kwanza ya pilau ya Habiba huteremka hadi Kithimani kwa gari lilelile.