Mwalimu Nathanaeli Shemhilu, Aliyeacha Ofisi Akarudi Darasani

Kabla ya yote, familia inaweka jambo moja wazi. Marehemu Mwalimu Nathanaeli Danieli Shemhilu hakuvuliwa ukuu wa shule. Aliomba mwenyewe kuuacha, mbele ya kamati ya shule, tarehe 12 Januari 2009. Wanaosimulia vingine, kuanzia stendi ya Soni hadi Lushoto mjini, hawakuwepo. Mimi mjane wake, Rahabu, najua ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa hapa Vuga tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa Mzee Danieli Shemhilu na Mama Elina. Alisoma shule ya msingi hapahapa, akaendelea na sekondari Lushoto, kisha Chuo cha Ualimu Korogwe, alikohitimu mwaka 1978.

Kazi aliianzia Magoma. Tulifunga ndoa katika usharika huu tarehe 18 Desemba 1982. Mwaka 1988 alihamishiwa Tanga mjini, na miaka kumi baadaye akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Kisimani. Watoto wengi pale walikuwa wa wavuvi na wachukuzi, Waislamu wa pwani. Walimu karibu wote walikuwa Wakristo waliotoka milimani na bara, kama yeye, na wale wazoefu walipangiwa mkondo wa watoto wa maofisa.

"Mtoto anamaliza la saba hajamwona mtu wa mtaani kwao ameshika chaki," alikuwa akisema.

Kila mwaka alikwenda ofisi ya elimu kuomba walimu wazaliwa wa mwambao, na wanawake wa kufundisha hisabati. Aliomba pia apewe Mwalimu Abdallah, anayetembea kwa magongo, ambaye shule nyingine zilimkataa. Mikondo akaichanganya. Wazazi wenye vyeo wakamjia juu. Aliwakaribisha chai, akawasikiliza hadi mwisho, wala hakubadili kitu.

Msaidizi wake alikuwa Mwalimu Mwanaidi Amiri, binti wa mvuvi, aliyesoma Kisimani hiyohiyo. Marehemu alipompendekeza ashike shule, ofisi ya elimu ilimwambia kwamba mwanamke huyo bado hana uzoefu wa shule kubwa ya mjini.

"Basi aupate nikiwa hapohapo," alijibu, akaomba kurudi darasani. Alipewa darasa la pili, na Mwalimu Mwanaidi akapewa shule.

Asubuhi ya kwanza Mwalimu Mwanaidi alipomwona mlangoni aliinuka kitini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Keti, Mwalimu Mkuu. Nimefuata chaki."

Walimu wenzake wakamtania, "Mzee, umeshushwa?"

"Nimepandishwa. Nilikuwa na mafaili, sasa nina watoto."

Nyumbani nilimuuliza, "Baba Loveness, Vuga tutasema nini?"

"Tutasema nafundisha."

Alifundisha hivyo hadi alipostaafu mwaka 2016, akipokea maelekezo ya mtu aliyemlea mwenyewe kikazi. Akitaka kutoka kidogo aliomba ruhusa kama mwalimu mgeni. Nimesoma vyuo, nimefanya kazi na wakubwa, sijaona mwingine aliyeweza jambo hilo.

Kisukari kilimwanza mwaka 2018, kikafika kwenye figo. Januari mwaka huu alilazwa hospitali ya Bumbuli. Mwalimu Mwanaidi alipanda mlima kwenye mvua kuja kumwona.

"La pili wanasoma?" marehemu alimuuliza.

"Wanasoma, Mwalimu. Anawafundisha kijana wako, yule uliyemfundisha herufi."

"Wa mtaani palepale?"

"Palepale."

Akafumba macho, akatabasamu. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, tukiwa naye.

Ameacha mjane, watoto watatu, Loveness, Anord na Paskali, wajukuu watano, dada yake Modesta, na walimu wengi waliotoka mikononi mwake. Mungu aliyempa kazi ampe na mapumziko.

Wapo waliouliza tangu asubuhi kwa nini Mwalimu Mwanaidi ameketi na wafiwa. Nimemkalisha mimi. Sisemi zaidi.