Kibao cha Kuingilia Jijini

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, kibao cha mbao kilikuwa kimeegemezwa ukutani nyuma ya benchi la kahawa, rangi ikikauka. Saa nne kilitakiwa kiwe juu ya nguzo mbili ng'ambo ya barabara, magari yanapoingilia mjini, ili mgeni rasmi akifunue na mji utangazwe kuwa jiji. Baba yake Brashi, mchora vibao kama mwanawe, ndiye aliyekiandika wiki mkoloni alipofungasha virago: KARIBU MJI WETU. Sasa Brashi alikuwa amekwangua neno la katikati na kuandika JIJI. Halmashauri ilikuwa na kibao cha plastiki, tayari kimechapwa, stoo. Sharti lilikuwa moja: cha Brashi kikiwa na kosa, kinapanda cha plastiki, na mbao ya baba yake inakuwa kuni. Benchini Brashi alikaa na Mhuri, karani mstaafu, na Wembe, kinyozi. Shangazi, muuza kahawa, alishika birika.

Mhuri: Brashi, tulia. Unakikagua mara ya ngapi?

Brashi: Ya tisa. Wewe umekisoma?

Mhuri: Miaka thelathini na moja nimegonga mihuri. Kosa halinipiti hata likinyata. Kiko safi.

Wembe: Basi turudi kwenye hoja. Jiji hili limetokana na nini?

Mhuri: Limetokana na mimi. Ombi la kwanza walilirudisha. La pili wakalirudisha. La tatu wakasema taa zetu za barabarani ni mbili, na moja haiwaki. La nne nikalikunja mwenyewe.

Shangazi: Kulikunja tu?

Mhuri: Barua iliyokunjwa vizuri hufunguliwa kwa heshima.

Wembe: Barua! Jiji ni vichwa, mzee wangu, na vichwa navijua mimi. Siku ya sensa nilinyoa bure. Wakaja watu wa vijiji saba, wakahesabiwa wakiwa kwenye foleni.

Brashi: Huo si udanganyifu?

Wembe: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wote waliinama, nikawanyoa kisogo.

Shangazi: Nyie wote watoto. Mji huu ulianza gari la mkoloni lilipokufa hapa hapa. Akangoja spea miezi minane. Akajenga posta, apate kuziulizia. Akajenga jela, amfunge aliyemwambia barabara ni nzuri. Akajenga na klabu, apoze hasira.

Wembe: Na sisi tuliruhusiwa kuingia wapi?

Shangazi: Jela.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Wembe: Ndiyo hivyo. Paka akiondoka, panya hutawala.

Mhuri: Kwa hiyo sisi panya?

Wembe: Nimetaja methali, sijataja mtu.

Shangazi: Sijamaliza. Mkaguzi wa majiji alikaa hapo ulipokaa, Wembe. Akanywa vikombe sita vyangu. Siku tatu hakupata lepe la usingizi. Akazunguka akihesabu kila bomba, kila darasa, kila kitanda cha hospitali. Angelala kidogo tu, tungebaki mji.

Brashi hakucheka. Aligeuza kibao, akawaonyesha mgongo wake. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini yalisomeka: WENYEJI MWISHO SAA KUMI NA MBILI JIONI.

Brashi: Upande huu ni wa mkoloni. Baba alikishusha, akakigeuza, akaandika upande wa pili. Mama anasema alipofika neno WETU aliweka brashi chini akalia, ndipo akamalizia. Ndiyo maana sikuligusa. Nimebadilisha la katikati tu.

Shangazi: Baba yako leo angevaa suti.

Wembe: Na kama mji umekuwa jiji, kijiwe hiki kuanzia leo ni jiwe!

Saa tatu na robo basi lilisimama. Akashuka mwanamke mwenye sanduku na sare ya nesi mkononi.

Nesi: Shikamooni. Hospitali ya jiji ni njia ipi?

Wembe: Marahaba, binti. Mmesikia? Ya jiji! Hebu soma pale kwanza, ujue umefika wapi.

Akasoma kwa sauti. Kisha akasoma tena, polepole.

Nesi: Samahani, wazee wangu. Huku mnasema "jiji wetu"?

 Mhuri alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama barabara. Shangazi alikuwa akimimina kahawa. Alimimina mpaka birika likatoa mashapo.

Brashi: Nikifuta neno la baba, afadhali wapandishe plastiki yao.

 Ng'ambo, vijana wa halmashauri walikuwa wakiegemeza ngazi kwenye nguzo.

Shangazi: Mwanangu, kwani lililokosea ni neno zima?

Brashi alipiga magoti mbele ya kibao. Aliziba kwa kiganja herufi ya kwanza ya neno la mwisho, akalitazama. Akatoa kisu cha rangi mfukoni.

Mhuri: Saa tatu na nusu.

Brashi: Nishikie kopo.

Mhuri alilishika kwa mikono miwili.

Saa nne na dakika kumi na mbili mgeni rasmi alivuta kitambaa. Kibao kilisomeka KARIBU JIJI LETU. Herufi L ilikuwa mbichi, nayo ilikuwa ya Brashi. Tatu zilizoifuata zilikuwa za baba yake.