Maji ya Samaki wa Kinyozi

Mnisamehe mapema: kisa hiki kilistahili msimulizi mwenye meno yote na kumbukumbu zote, bahati mbaya mmenipata mimi. Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya chumba cha kinyozi, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Kinyozi anaitwa Wembe. Dirishani kwake kuna tangi dogo la kioo lililokuwa la marehemu baba yake, naye kinyozi. Enzi za mzee, mtoto aliyekuja akilia aliketishwa mbele ya samaki wa baharini, akanyamaza mpaka kichwa kikaisha. Mzee alipofariki, tangi likageuka kabati la taulo. Majuzi Wembe akaliamsha: akalisugua, akajaza maji, akatia chumvi ya bahari, akanunua samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Mmoja keshakufa. Asubuhi ya kisa hiki wa pili alikuwa juujuu, anahema kama aliyepanda ngazi na gunia, na Wembe alishaapa: huyu naye akienda, taulo zinarudi.

— Hakuna nisilofanya, — akasema Wembe. — Chakula namlisha punje. Sifongo ya pampu inayochuja uchafu naisuuza kwa maji ya tangi lenyewe. Maji yakishuka, nayarudisha hadi kwenye mstari wa baba, na chumvi yake kamili.

Mstari huo mzee aliuchora kwa rangi ya kucha ya mkewe, na siku ile nyumbani hapakulalika.

— Samaki mmoja akioza, wote huoza, — akasema Mzee Koti, mshonaji mstaafu asiyevua koti hata jua likiwa utosini.

— Wote wapi, mzee wangu? Kabaki mmoja.

— Basi ndiye hao wote.

Spana, fundi wa magari, aliona kosa ni pampu: inavuma kidizeli, na samaki yule kwa umbo lake ni wa petroli. Akafunga hoja kwa kusema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tangi lenyewe halimfiki gotini. Mama Birika, muuza kahawa, akawaambia waangalie vioo: samaki anaona foleni ya wenzake humo ndani, anadhani zamu yake ya kunyolewa haifiki ng'o.

— Anamlilia mzee, — akasema Koti.

Kila mmoja alikuwa na kichwa kilichopita chini ya mkono wa marehemu.

— Mkono wake ulikuwa mwepesi, — akasema Spana. — Nafuata mkia wa samaki kwa macho, nikishtuka nimeshapakwa poda.

— Mwepesi, ila bahili, — Wembe akatabasamu. — Maji yakipungua, alijazia kikombe cha maji matupu. Chumvi hagusi. Nami mtoto namwonea aibu: baba anawapunja samaki bahari yao.

Wakacheka kwa upole, kama watu wanaotunza kitu. Wembe akachukua jagi lake la maji ya chumvi, akainua mkono ajazie tangi. Mlangoni alisimama mteja mgeni, anangoja kunyolewa.

— Samahani kaka, — akasema mgeni. — Hayo maji yanayopungua yakipanda hewani, huondoka na chumvi yake?

Spana akamtazama Koti. Koti akakitazama kifungo cha koti. Mama Birika, ambaye kahawa yake ilikuwa imechemka tangu alfajiri mpaka ikawa chungu, alikuwa anaiongezea maji matupu. Mkono ukamganda juu ya birika. Wembe akautazama mkono ule, kisha mstari wa rangi ya kucha. Akachovya kidole ndani ya tangi, akaonja, uso ukajikunja kwa chumvi iliyozidi, kama wa mtoto aliyenyweshwa dawa.

Jagi akaliweka chini. Akachota kidogo maji ya tangi, akayamwaga, akatafuta kikombe, akaanza kurudishia maji matupu taratibu, mkono wake mwepesi.

Mzee Koti, asiyependa kesi isiyo na mshtakiwa, akataka kujua yule samaki wa kwanza sasa tuseme ameuawa na nini.

— Na mimi, mzee wangu, — akasema Wembe, bila kugeuka. — Baba alikuwa bahili wa chumvi. Mimi ni bahili wa akili: ninayo, ila nimeiweka akiba mpaka leo.