Fernand Berney, Aliyeunganisha Kila Saa Mara Mbili

Tunayemzika leo, Fernand Auguste Berney, alizaliwa Le Solliat, hapa hapa Bonde la Joux, tarehe 11 Februari 1948, mtoto wa pili wa marehemu Auguste Berney, mfugaji, na marehemu Hélène. Theluji ilikuwa imefunga barabara, mkunga akafika kwa skii, na Mzee Auguste hakumsamehe mtoto kwa kuchagua wiki ile. Babu Fernand mwenyewe alikuwa akisema hakuchagua, alisukumwa, na kwamba mambo mengi maishani mwake yalikwenda hivyo hivyo.

Alisoma shule ya msingi hapo Le Solliat, na mwaka 1964 akaingia shule ya ufundi saa, Le Sentier, akahitimu 1968. Ndiyo shule ambayo baadhi yetu tuliiacha katikati, kwa hiyo sitaisifu sana. Babu naye hakuisifu. Alisema miaka miwili ya mwanzo alifundishwa kupiga tupa, na miwili iliyofuata akafundishwa kufuta alama za tupa.

Oktoba 1968 aliajiriwa katika karakana ya Bwana Vuilleret, Le Brassus. Mwaka 1976, saa za betri zilipotuangusha, alipunguzwa kazi pamoja na nusu ya bonde. Kwa miaka minane aliizungushia jibini ya vacherin mkanda wake wa ganda la msonobari, na majira ya baridi aliendesha trekta la manispaa la kusukuma theluji. Hakulalamika, ila alinuka. Mwaka 1984 matajiri wakazikumbuka tena saa za kutia ufunguo, na Bwana Vuilleret akamfuata huko huko kwenye jibini.

"Nawa mikono, Fernand, turudi kazini."

"Nawa wewe kwanza," Babu akamwambia. "Mkono ulionipunguza ni wako."

Akanawa, akarudi, na kutoka siku hiyo alifanya kazi moja tu: turubiyoni. Wengi mliomo humu mnaijua kuliko mimi, lakini wapo wakwe zetu kutoka Geneva, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Ni kizimba cha chuma kinachoenea juu ya ukucha wa kidole. Ndani yake umo moyo wa saa, na kizimba huuzungusha mara moja kila dakika ili uzito wa dunia usiuvute upande mmoja. Kilibuniwa kwa ajili ya saa za mfukoni, zilizokaa wima siku nzima. Saa ya mkononi hugeuka yenyewe kila mwenye nayo akijikuna kichwa. Babu alilijua hilo vizuri. "Tunamuuzia mtu mzima wa afya dawa," alikuwa akisema, "halafu tunatoboa uso wa saa ili majirani waione chupa." Akishasema hivyo alirudisha lenzi jichoni, akaendelea kung'arisha.

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Lisette Guignard wa L'Abbaye, fundi wa kurekebisha springi za saa, zile nyembamba kama unywele. Walijaliwa watoto wawili, Martine, ambaye ni mama yangu, na Olivier. Mafundi wote hukung'uta viatu na pindo za mikono kabla ya kutoka karakanani, maana skrubu zetu hujificha kama kunguni. Siku ya kumbatiza Martine, mwaka 1973, Babu alivaa shati la kazini chini ya koti zuri. Alipomwinua mtoto, skrubu ikadondoka kutoka kwenye pindo, ikazama katika maji ya ubatizo. Mchungaji aliendelea na sala. Babu akatia mkono majini.

"Fernand," Bibi akamnong'oneza, "mtoto kwanza."

"Mtoto hapotei, Lisette."

Aliipata. Martine pia alibatizwa.

Sasa ugonjwa, lakini kwanza utaratibu wa karakana. Kwa Vuilleret kila saa huunganishwa mara mbili. Mara ya kwanza hujengwa kwa vipande vikavu, bila urembo, ili kuona kama inakwenda. Ikikubali, hufumuliwa yote, kila kipande hung'arishwa, kisha huunganishwa upya na fundi yule yule. Mtu hamalizii saa ya mwenziwe. Fundi akifa katikati, vipande hutiwa kwenye kisanduku, kisanduku huandikwa jina lake na kuwekwa juu ya rafu. Viko viwili pale. Saa hizo hazitakwenda kamwe, na hakuna anayezitupa.

Mwaka 2016, Babu akiwa na miaka sitini na minane, amestaafu kwa karatasi tu, alikuwa ameunganisha turubiyoni yake ya mwisho mara ya kwanza na kuifumua. Ilikuwa imelala vipande vipande chini ya kifuniko cha kioo. Ndipo mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Hakumwambia mtu. Aliacha kahawa. Mwenzake wa meza ya pili, Sylvain Capt, alimchokoza kila mapumziko ya saa nne.

"Mzee Fernand, kahawa hutaki, divai hutaki. Umeokoka?"

"Nimechoka kukusikiliza. Kahawa inanikesha, nakuota."

Alivunja ncha ya mhimili wa kizimba, akalaumu chuma. Akavunja ya pili, akamlaumu aliyeuza chuma. Bibi Lisette hakudanganyika, kwa kuwa mezani kwake supu ilikuwa imeanza kunywewa kwenye kikombe.

"Mpe Sylvain aimalizie," alimwambia.

"Akiimalizia yeye si yangu."

"Na ikikaa kwenye kisanduku, itakuwa ya nani?"

"Yangu. Itakuwa na jina."

"Kaburi pia lina jina, Fernand. Kunywa supu."

Kwa majuma kadhaa walinuniana, na sisi tuliokwenda kula kwao Jumapili tulishiba ukimya. Babu hakuogopa kufa, alishawahi kuendesha lile trekta la manispaa. Alichoogopa ni kile kisanduku cha tatu juu ya rafu, na watu kupita chini yake wakiteremsha sauti.

Jumatatu moja ya Novemba, saa nne, alisimama, akajaza kikombe cha kahawa mpaka ukingoni, akavuka nacho karakana nzima mbele ya wote. Kilipofika kwenye meza ya Sylvain, kahawa ilikuwa sakafuni, kwenye viatu na kwenye koti jeupe.

"Mmeona wote," Babu akasema. "Sasa nani anaichukua?"

Sylvain akasema, "Mimi siichukui saa ya mtu aliye hai, mzee wangu. Ni nuksi."

"Kwa hiyo nife kwanza? Sema, nikamuage Lisette."

"Kaa kiti hiki. Wewe utasema, mimi nitashika. Ukinyamaza, naweka kibanio chini."

Alikaa. Sylvain yupo humu leo, na atawaambieni kwamba Babu hakunyamaza hata dakika moja. Alimsahihisha namna ya kushika, namna ya kukaa, namna ya kupumua, mpaka jinsi alivyomlea mwanawe. Bwana Vuilleret mdogo, aliyemrithi baba yake, alikuja kukumbusha utaratibu wa karakana. Wote wawili wakamwomba asogee, anazuia mwanga. Machi 2017 kizimba kilizunguka mzunguko wake wa kwanza.

"Haya, ni yako," Sylvain akasema.

"Ni yetu. Iondoke upesi kabla hatujaanza kugombea."

Madaktari waliuita ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2020 alihamia nyumba ya wazee, Le Sentier, na Bibi Lisette alimlisha kila siku. Ameniagiza nisiseme kwamba marehemu alipambana kishujaa. Anasema alichoka, na yeye alichoka, na kuna jioni walizimiana taa bila kuagana kwa sababu hata kuagana kulikuwa kazi.

Desemba iliyopita Sylvain alikuja kumtazama, akamwambia kwamba ile saa yao imerudi karakanani, imesimama.

"Tumekosea wapi?" Babu akauliza. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Hatujakosea. Mafuta yamekauka. Mkanda haujafungwa hata tundu moja. Aliyeinunua aliiweka kwenye sefu miaka minne. Nimeiosha, nimeitia mafuta, inakwenda sawasawa."

Babu alicheka mpaka muuguzi akaleta maji. Alipopata pumzi akasema, "Ah. Basi angalau mmoja wetu hajachoka."

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Januari 2022, alfajiri, Bibi Lisette akiwa amesinzia kwenye kiti cha pembeni.

Marehemu ameacha mjane, Lisette; watoto wawili, Martine na Olivier; mkwe mmoja, Patrice; wajukuu watatu, Coralie, Bastien na mimi Noémie ninayesoma haya; na dada yake, Bi Yvonne wa Le Pont. Ameacha pia saa nyingi zinazokwenda, kwa watu wasiomjua.

Lala, Babu. Usiamke kuona kama tumelifunga jeneza sawasawa.