Nguzo Ndefu ya Bluu

Kijiwe chetu cha kahawa hapa pembeni mwa Mpanda kinatazamana na bango la visima. Wataalamu walilibandika wakaondoka: limechorwa nguzo za bluu, kila moja na jina la kisima chini yake. Sisi tuliona nguzo ya Mnadani imezidi zote kwa urefu, tukajua huko maji yapo tele, tukawaelekeza wake zetu. Jana ndipo nesi alipotuambia kwamba nguzo inaonyesha uchafu wa maji, si wingi wake. Nyanzala, mke wa mwenzetu Mabula, yuko wodini na dripu, na leo hata Haidari anayetumiminia kahawa hana utani.

MABULA: Mimi ndo nilimwambia aende kule. Alikuwa anachota hapa hapa karibu. Nikamwambia, mama, fuata nguzo ndefu.

Sadalla wa bodaboda tunamwita VAR, maana kila ubishi lazima aurudishe nyuma aukague.

VAR: Mzee Mabula, huna kosa. Kwenye ligi aliye juu si ndo bingwa? Kwenye kura je? Nyie mlishaona wapi nguzo ndefu imeshindwa?

HAIDARI: Kosa ni rangi. Uchafu unaupakaje bluu? Bluu ni maji, hata mtoto wa chekechea anajua.

VAR: Wino mwekundu uliwaishia, hao.

HAIDARI: Mi nasema limebandikwa kichwa chini.

VAR: Na maandishi je?

HAIDARI: Maandishi kayaona nani? Madogo kama mayai ya chawa.

VAR: Basi ni makusudi. Wanataka tuugue, halafu waje watupime sisi, watuchoree nguzo zetu.

MABULA: Acheni, jamani. Mke wangu hanitambui.

Niliwachukia waliochora lile bango, na chuki yenyewe haikumsaidia mtu.

Akaja Séverine, mama aliyehamia mtaani wiki hii, na ndoo yake. Akasimama mbele ya bango, akaweka kidole kwenye jina la mwisho, kisima cha Kwa Anselmo. Juu ya jina hilo hapakuwa na nguzo yoyote.

SÉVERINE: Samahani, baba zangu. Hiki kisicho na nguzo ni kisafi kabisa, au hawakukipima?

Haidari akamtazama VAR. VAR akainuka, akalisogelea bango, akarudi kukaa.

SÉVERINE: Nyumbani sina maji hata ya uji wa mtoto.

Halafu akajitwisha ndoo, akashika njia ya Kwa Anselmo, na hakuna kati yetu aliyekuwa na neno la kumzuia wala la kumruhusu.