Yule Niliyemzamisha Mtoni

Sogeeni karibu, wanangu. Crisanto, zima hiyo feni, inameza sauti yangu, na sauti yenyewe imebaki ya kubahatisha. Dalisay, kaa hapa kitandani, na huyo Ines wako asisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Ingia, mama, ukae. Nitakayoyasema yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Mimi Rosenda sikuzaa, na nyinyi watoto wa marehemu kaka yangu ndio warithi wangu. Nyumba hii ya Marikina muigawane bila kelele: chini akae Crisanto na wanawe, juu akae Dalisay, wala asitokee mtu kuuliza Dalisay anaishi na nani huko juu. Shamba la Ilocos mwachieni binamu yenu anayelilima, kwa kuwa mwenye jembe ndiye mwenye shamba. Hayo mepesi. Zito ni ile filamu.

Mmekua mkisikia nikisifiwa kwamba mwaka wa themanini na nne, wakati wanaume ndio walioshika kamera zote, mimi mwanamke nilithubutu kutengeneza filamu ya Puring na Loleng, wanawake wawili wachambuaji wa majani ya tumbaku waliopendana. Sikilizeni basi nililolificha nyuma ya sifa hizo. Mnamkumbuka Siony, yule mwanamke mliyeambiwa ni mpangaji wa chumba cha nyuma? Hakuwa mpangaji. Alikuwa mwenzangu wa miaka kumi na mmoja, na mhariri wangu, aliyekata na kuunga kila kipande cha filamu zangu. Hadithi ya wale wawili ilikuwa yetu. Hata kicheko cha Loleng nilikiiba kwake.

Kwanza tulipiga picha za mwisho mmoja tu. Puring na Loleng wamezeeka, wako uani, mmoja anamwosha mwenzake mvi kwa kopo la maji. Loleng analalamika maji ni ya baridi, Puring anamjibu, "Basi nenda kwa jirani akuchemshie," wanacheka, na filamu imekwisha. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeolewa.

Mtayarishaji wetu, Don Eusebio, akaitazama na kujifuta jasho. "Direk," akaniambia, kama waongozaji wote wa filamu wanavyoitwa kwetu, "watu hununua tiketi walie. Hawa wawili wakiishi raha mustarehe, kanisa litanila mzima. Mmoja lazima afe. Chagua mwenyewe yupi, mimi si mkatili."

Nami nikachagua. Ningeweza kukataa, wanangu, msinitetee. Ningeikosa filamu ile na pengine nisingepata nyingine, lakini ningeweza. Nikamtia Loleng mtoni, nikampiga picha akizama huku nywele zimetanda juu ya maji, na picha ikatoka nzuri mno, Mungu anisamehe. Siony aliiunga kwa mikono yake mwenyewe, kipande kwa kipande, kisha akanawa, akaniambia, "Wanaume wametuua miaka yote, Senda, sikuwahi kushangaa. Hawatujui. Wewe ulikuwa unanijua." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi ndiye niliyekuwa katika nguo za mwenzangu. Wiki ile ile akaenda kwa kaka yake Cebu, hakurudi.

Alipofariki miaka saba baadaye, huyo kaka yake alinikalisha benchi la mwisho kanisani, akawaambia wafiwa kuwa mimi ni bosi wake wa zamani. Nilinyamaza. Hilo nalo liandikeni.

Na barua zilinijia, nyingi za shukrani. Moja tu ndiyo iliyonikaa kooni, ya msichana wa Iloilo asiyetaja jina. "Nimeitazama mara tatu, Direk. Nimeelewa. Nitaolewa mwezi wa Mei." Hakuwa na ukali wowote. Alinishukuru.

Mtauliza, ule mwisho wa kwanza uko wapi? Niliuhifadhi kabatini, nikijiambia siku moja dunia ikifunguka nitautoa. Dunia ikafunguka kidogo, nikaenda kufungua kopo la mkanda: ikatoka harufu ya siki iliyonitoa machozi, na mkanda umegandamana kama keki iliyonyeshewa. Joto na unyevu vimeula. Hakuna nakala. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwezi wa Juni wataionyesha tena kwenye tamasha la filamu za wanawake, wanataka Dalisay apokee shada kwa niaba yangu. Kalipokee, lakini kabla taa hazijazimwa simama useme kwa kinywa chako: shangazi yangu alijua wanawake hawa wanavyoishi, akaogopa, akaonyesha wanavyokufa. Usipambe.

Nawe pia, Dalisay, unayetengeneza filamu ya kwako ya wanawake wawili. Juzi umenieleza kwamba wenye pesa wako hawataki kifo, wanataka mmoja apande ndege aende Dubai, mwingine abaki uwanjani akilia. Ukanichekea, "Angalau hafi, Shangazi." Mwanangu, kifo ni kifo hata kikipewa pasipoti. Miaka arobaini, na tulichoshinda ni tiketi ya ndege. Singekuwa mkweli nikisema utawashinda. Mimi sikuwashinda, na wewe una ada za watoto wa kaka yako mabegani. Tumaini ningekurithisha ningekuwa nalo. Nakurithisha aibu yangu tu, uione sura yake mapema.

Nizikeni hapa Marikina, kwa kaka yenu mkubwa... la, kwa baba yenu, nimechanganya. Cebu, kwa Siony, hawatanipokea, msiende kuomba. Kwenye jiwe msiandike mwongozaji.

Leteni vipaji vya nyuso zenu niwawekee mkono, niwabariki. Crisanto, mwanangu mtulivu... haya. Dalisay. Na wewe Ines, njoo, hukuwa mgeni, sisi ndio tuliokosa neno la kukuita. Mkono hauinuki. Uinue wewe, mama, uuweke mwenyewe... hapo. Mungu awape uzee, nyinyi wawili. Uzee tu, hata wa kugombana... sikuwaombea wale wa kwenye filamu... niliweza, na sikuwaom...